Namna ya Kuchunguza kwa Nini Mtaa Mmoja wa Lamu Hulaza Wagonjwa wa Pumu Kuliko Mwingine

Mhudumu wa afya ya jamii anayetaka kujua kwa nini watoto wa mtaa mmoja hulazwa kwa pumu kila mara, ilhali wa mtaa wa pili huugua na kupona nyumbani, aanze na daftari la wadi kabla ya kubisha hodi kwa mtu. Akishapata ruhusa ya hospitali, anakili mambo manne ya mwaka mzima: umri, mtaa au kijiji, siku ya kulazwa na siku ya kuruhusiwa. Majina ayaache, kila mgonjwa apewe nambari, ili aliyelazwa mara tatu asihesabiwe kuwa watu watatu.

Idadi tupu hudanganya. Tuseme mtaa wenye wakazi 4,000 umelaza wagonjwa 12, na wenye wakazi 1,500 umelaza 9. Wa kwanza una wagonjwa 3 kwa kila wakazi 1,000. Wa pili, ulioonekana nafuu, una 6. Tena daftari halimwoni kila mtu, kwani mwenye uwezo hutibiwa kwa daktari wa binafsi au husafiri hadi Mombasa, na mgonjwa wa Faza au Kizingitini anayepaswa kungoja boti usiku huenda asifike kabisa. Kwa hiyo kijiji cha mbali chenye wagonjwa wachache kisihesabiwe kuwa ndicho chenye afya.

Baada ya hapo ndipo nyumba zitembelewe. Wengi huishia kwenye moshi wa kuni na makaa katika chumba kisicho na dirisha, na ni kweli moshi huo huchochea pumu. Lakini chetezo cha udi hufuka katika majumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani kama kinavyofuka katika vibanda vya makuti, na vumbi la samadi ya punda vichochoroni halichagui tajiri wala maskini. Moshi na vumbi hueleza kwa nini mtu anakohoa. Kwa nini amelazwa, mara nyingi jibu limo katika dawa.

Pumu ina dawa za namna mbili. Salbutamoli hufungua njia za hewa kwa haraka, lakini haiondoi uvimbe uliomo ndani. Uvimbe hutulizwa na dawa ya kinga ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonidi, ambayo mgonjwa aliyeandikiwa huitumia kila siku hata akijihisi mzima. Nyumba yenye kipato cha kubahatisha hununua ile ya kwanza tu, pengine vidonge vichache kwa rejareja, hupata nafuu, na uvimbe huendelea hadi usiku ambao nafuu haiji.

Basi aulize dawa iko wapi na aombe kuiona. Aulize ilinunuliwa lini, na usiku wa kulazwa chombo cha usafiri kilipatikana vipi na kwa shilingi ngapi. Asiulize kama mgonjwa anajua kutumia inhela, yaani kifaa cha kuvutia dawa kwa mdomo, maana kila mtu atajibu anajua, aombe aonyeshwe. Mtoto mdogo huhitaji chombo cha kupitishia dawa, na utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni kwa kipimo cha mdomo wa inhela, hufanya kazi hiyo vizuri. Akimkuta mtu asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mahojiano yakome na apelekwe hospitali papo hapo.

Tofauti za namna hii hazikuanzia Lamu. Huko New York, eneo la Bronx lenye maskini wengi limelaza wagonjwa wa pumu kwa kiwango kikubwa kwa miaka mingi kuliko mitaa ya matajiri ya Manhattan, iliyo ng'ambo ya mto tu.

Matokeo yaandikwe katika ukurasa mmoja na kupelekwa kwa idara ya afya ya kaunti pamoja na ombi moja mahususi: dawa ya kinga ipatikane katika zahanati iliyo karibu na mtaa uliozidi. Mwaka unaofuata hesabu irudiwe kwa miezi ileile, kwa kuwa miezi ya kusi na ya kaskazi hailingani.