Kufunga mzigo wa kwenda Ssese: siku tatu ziwani kwa mabegi mawili

Kila nikiwa na kundi pale Nakiwogo, gati la feri ya kwenda visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, kabla hatujaikaribia feri, naomba kila mtu afanye jambo moja: anyanyue mzigo wake wote kwa mkono mmoja, apande nao ngazi tano, na mkono wa pili ubaki mtupu. Ukishindwa, tufungue begi hapo hapo nchi kavu tupunguze. Mkono wa pili una kazi yake. Ni wa kushika reli, wa kumshika mtoto, wa kuvuta mkanda wa jaketi la kuokolea. Karibu kila ninachokueleza hapa chini kinatoka kwenye mkono huo mtupu.

Nimepeleka familia na vikundi visiwani miaka mingi. Wengi ni watu wa Kampala, wengine ni ndugu zetu wa Kenya na Kongo wanaokuja kupumzika. Mwongozo huu ni wa siku tatu, mkilala mara mbili, kisiwa cha Bugala, kimojawapo cha Ssese, kwa feri ya MV Kalangala.

Hatua ya 1: Lijue ziwa kabla ya kukunja nguo

Feri kwa kawaida hung'oa nanga Nakiwogo, kando ya mji wa Entebbe, saa nane mchana na kutia Lutoboka, gati la Bugala, kama saa kumi na moja na nusu. Kurudi huondoka saa mbili asubuhi. Ikiwa matengenezoni ratiba hubadilika, kwa hiyo ulizia siku moja kabla. Wanaotokea Masaka hupita Bukakata na kuvuka hadi Luku, huko huko Bugala, kwa feri ya bure, safari fupi isiyofika saa moja. Hao, hasa wenye gari, wanaweza kujinafasi kidogo.

Sasa sikiliza: kwenda na kurudi si safari moja. Ziwa letu hunyesha zaidi usiku. Jua likizama nchi kavu hupoa upesi, maji yakabaki na joto lake. Upepo hutoka kandokando kote ukakutana katikati ya ziwa, hewa yenye unyevunyevu ikapanda juu, na ngurumo zikaanza, nyingi kati ya usiku wa manane na asubuhi. Kwa hiyo mchana unakwenda na jua la utosi, tena jua la ikweta yenyewe: Entebbe iko kaskazini ya mstari kidogo, Bugala iko kusini, na feri inauvuka njiani. Asubuhi unarudi na wingu zito, upepo wa baridi na pengine manyunyu ya saa nzima. Miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba ndiyo yenye mvua nyingi zaidi.

Maana yake kwenye begi ni hii: kwenda, kofia na mafuta ya kukinga jua yakae juu. Kurudi, juu likae koti la mvua na sweta. Watu hufunga mara moja tu nyumbani, na asubuhi ya kurudi wanachimbua sweta chini ya nguo chafu huku wanatetemeka.

Hatua ya 2: Gawa mzigo mara mbili

Begi dogo ni la kukaa mapajani. Begi kubwa linakwenda kulundikwa na mengine, na ukishalitoa mkononi lihesabu kuwa liko mbali nawe mpaka Lutoboka.

Nilijifunza hili kwa shangazi yangu. Alikuwa na dawa za presha, akaziweka vizuri kabisa kwenye begi kubwa, ndani ya mfuko wa viatu ili zisipondeke. Saa tisa ya kumeza ilipofika, begi lilikuwa chini ya magunia ya unga na vitanda viwili vya chuma. Hakulalamika. Alikaa kimya akishika shavu, nami nikahesabu kila dakika hadi tukatia nanga. Tangu siku hiyo hakuna dawa inayoingia begi kubwa, ya nani awe nani. Hata za watoto. Hata za maumivu tu ya kichwa.

Ndani ya begi dogo weka kitambulisho cha taifa au pasipoti, dawa zote, maji, simu, fedha taslimu, leso (khanga) moja, sweta, na kama una mtoto, nepi za kutosha saa sita badala ya tatu na nusu. Fedha ziwe noti ndogo ndogo, za elfu moja, mbili na tano. Mwenye boda na muuza samaki hawana chenji ya elfu hamsini, na mtandao wa kutuma pesa ukilala, unalala kisiwa kizima. Jina lako liandikwe sawasawa kwenye orodha ya abiria, hata kama foleni ni ndefu na mwandishi ana haraka.

Leso nimeitaja moja kwa begi dogo, lakini ukiweza beba mbili. Sijaona nguo ya safari inayoishinda. Ni taulo, ni shuka, ni mbeleko, ni kivuli cha mtoto akilala sitahani, ni pazia la mama anayenyonyesha, na ikilowa inakauka kabla ya chai.

Hatua ya 3: Zuia maji yasiingie

Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nitakaa hapa kidogo. Begi la dukani lililoandikwa kwamba halipitishi maji, mara nyingi linazuia manyunyu tu. Kinacholinda nguo ni mfuko wa ndani.

Usitumie kavera, mfuko wa plastiki mwepesi wa sokoni. Linachanika, na tena yale membamba chini ya mikroni 30 yamekatazwa na sheria. Tafuta mfuko mzito wa plastiki unaokuwa ndani ya gunia la sukari la kilo 50. Wenye maduka huwa nayo. Uoshe kwa sabuni, uuanike kivulini, usije ukawaleta chungu begini.

Uvalishe begi kwa ndani, mdomo ukiwa umetoka nje. Panga nguo. Kisha piga magoti juu yake polepole hewa itoke, ushike mdomo wa mfuko, uunyonge kama unavyokamua nguo mpaka uwe mgumu kama kamba. Kamba hiyo ikunje mara mbili, ifanye shingo ya bata. Funga shingo hiyo kwa ukanda wa tyubu, ule mpira mweusi ambao watu wa boda hufungia mizigo. Uzungushe mara nne ukiuvuta, na ncha uipenyeze chini ya mzunguko wa mwisho, bila fundo. Fundo likilowa halifunguki, lakini mpira ukivuta ncha unaachia. Kunyonga peke yake hakutoshi, maji hupita. Ni ule mkunjo ndio unaofunga njia.

Mfuko wa simu ujaribu nyumbani. Weka ndani karatasi ya chooni iliyo kavu, funga, uzamishe kwenye beseni la maji, uweke jiwe juu, ulale. Asubuhi karatasi ikiwa kavu kama ulivyoiweka, mfuko ni mzima. Ikiwa na hata doa moja la unyevu, tupa. Nimejaribu mifuko ya bei ghali ikashindwa na ya bei nafuu ikapita, kwa hiyo usiamini bei, amini beseni.

Hatua ya 4: Nguo

Chache. Suruali mbili au sketi mbili, fulana tatu, nguo za ndani za siku nne, nguo moja ya mikono mirefu kwa ajili ya mbu wa jioni, ndala na viatu vya mpira vya kufunga nyuma. Acha jinzi. Ikilowa ni mzigo wa siku mbili. Gomesi, lile gauni letu la sherehe, na kanzu beba tu ikiwa kuna harusi au swala ya Ijumaa unayoikusudia.

Mnaotoka Kongo, kumbukeni soketi za Uganda ni za pini tatu bapa. Nunueni adapta moja mjini Kampala kabla ya kushuka Entebbe.

Hatua ya 5: Dawa, mbu na maji yenyewe

Tumbo kwanza. Anayetapika kwenye gari atatapika na ziwani. Muulize mwuza dawa akupe vidonge vya kichefuchefu, na uvimeze kabla ya kupanda, si baada ya tumbo kuanza kuzunguka, maana hapo kidonge hakikai. Kula kidogo: kipande cha gonja, yaani ndizi tamu ya kuchoma, chai ya tangawizi. Rolex mbili, zile chapati za kuviringishia mayai, za mayai manne dakika kumi kabla ya feri ni kumtafutia jirani yako taabu. Ukae katikati ya chombo, chini, macho yakitazama mbali ukingoni mwa maji.

Chandarua chako beba, hata kama nyumba ya wageni imekuahidi. Kinakunjika kuwa kidogo kama mkate, na matundu ya chandarua cha wageni huyaoni mpaka saa nane usiku.

Kichocho kipo ziwa hili, na watu hawapendi kukizungumza wakiwa likizoni. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wadogo wanaokaa maji tulivu yenye matete, hupenya ngozi bila wewe kuhisi kitu. Mchanga mweupe na maji mazuri visikudanganye. Watoto wasicheze kwenye matete, na mliooga ziwani mwende kupimwa baada ya wiki sita hadi nane, hata kama hakuna anayeumwa. Tiba ipo, ni prazikwanteli, na inafanya kazi. Mimi huandika tarehe hiyo ya kupima ukutani jikoni kabla sijafungua hata begi.

Siku za mwezi kuandama utaona mawingu meusi yakisimama juu ya maji kama moshi. Ni nzi wa ziwa. Hawaumi, lakini wanaingia puani na kwenye sahani. Beba kitambaa cha kufunika chakula na zima taa ya barazani mapema.

Hatua ya 6: Jaketi la kuokolea

Jumamosi ya tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe MV Templar ilizama karibu na ufuo wa Mukono ikiwa na watu waliokwenda kufurahi. Zaidi ya watu 30 walikufa. Ilikuwa imejaza kupita kiasi, na wengi hawakuwa wamevaa majaketi. Walikuwa watu kama sisi, wamefunga mizigo yao ya wikendi.

Ukipanda tu, kabla ya kutafuta kiti, uliza majaketi yako wapi. Vua begi la mgongoni. Jaketi likae nje ya kila kitu, na kamwe usivae begi juu yake wala chini yake, kwa sababu begi likijaa maji linakuvuta. Soma uzito ulioandikwa ndani, funga mikanda yote, kisha mwenzako ashike mabega ya jaketi avute juu. Likipanda hadi masikioni, si lako. La mtoto liwe na mkanda wa kupita kati ya miguu, la sivyo mtoto atachomoka kama njugu kwenye ganda.

Mwenye mtoto mdogo, nunua la kwake mwenyewe ulifunge nje ya begi kubwa. Na ukienda visiwa vingine kwa boti za mbao, kila mtu awe na lake. Nilipopanda pale Kasenyi, ufuo wa karibu na Entebbe, hakukuwa na gati. Kijana alisema, "Mama, panda mgongoni, begi mwenzangu analo," akanipitisha majini mpaka boti. Begi la magurudumu mahali kama hapo ni kumtesa mtoto wa watu.

Wanaonipigia simu wakijiandaa kupanda meli kubwa za baharini nawaambia mambo mawili tu. La kwanza ni lile lile la shangazi: sanduku lako huchukuliwa bandarini na huenda likafika chumbani baada ya saa kadhaa, kwa hiyo pasipoti, dawa na nguo moja ya kubadili ziwe mkononi. La pili, acha pasi ya umeme na birika nyumbani, huzuiwa kwa hofu ya moto.

Hatua ya 7: Nafasi ya kurudi

Robo ya begi kubwa ibaki tupu, na beba ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana. Humo ndimo mukene (dagaa) na samaki wa kubanikwa watakamorudi. Usinunue sangara chini ya inchi 20 wala ngege (sato) chini ya inchi 11, hata wakiwa bei ya kutupa. Wanakamatwa, nawe ukakamatwa nao. Funga ndoo, ifute kwa ndimu, iweke mbali na mzigo wa wenzako.

Usiku wa mwisho fungeni kabla ya kula, taa zingali zinawaka. Nguo chafu chini, koti la mvua juu, dawa na kitambulisho kwenye begi dogo. Mji wa Kalangala uko kilimani na gati la Lutoboka liko chini, na asubuhi ya mvua ile barabara ya kushuka inateleza. Agizeni boda usiku ule ule, awe mlangoni saa kumi na mbili na nusu.