Jinsi ya kufundisha marufuku ya majaribio ya nyuklia kwa majivu, sahani na glasi ya maziwa

Nafundisha historia katika sekondari moja wilayani Bahi, magharibi ya jiji la Dodoma. Mara ya kwanza kufika kwenye mada hii niliandika miaka ubaoni: 1945, 1963, 1968, 1996. Wanafunzi wakanakili, wakakariri, na kwenye jaribio karibu wote wakajibu kwamba mikataba ya kuzuia majaribio ya nyuklia ililetwa na Hiroshima. Kosa lilikuwa langu. Hiroshima na Nagasaki zilipigwa Agosti 1945, na mkataba wa kwanza wa kuzuia majaribio ukatiwa saini miaka 18 baadaye. Kilichotokea katikati ndicho cha kufundisha, na mwalimu mwenzangu, nakuomba usikifundishe kwa tarehe.

Tafuta vipindi viwili vilivyofuatana, dakika 80, siku ya upepo. Huku kwetu Julai na Agosti upepo hautafutwi. Andaa majivu makavu ya kuni yaliyochekechwa, ungo mmoja, na sahani nyeupe sita zilizopakwa mafuta ya kupikia kidogo tu. Andaa pia glasi ya maziwa na kijiko cha sukari. Mtihani wao ni wa Kiingereza, lakini kipindi hiki mimi hukiendesha kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Maneno ya mtihani huja wiki inayofuata.

Toka nao uwanjani na usitaje bomu. Panga sahani kufuata uelekeo wa upepo: hatua 5, 10, 20, 40, 60, na moja iweke nyuma, upepo unakotoka. Kila mmoja aandike kwenye daftari majivu yatafika sahani ya ngapi. Halafu mwanafunzi mmoja, amejifunga kitambaa puani, apete majivu hewani kama mama anayepeta uwele. Wengine wote wakae pembeni, asibaki mtu kwenye njia ya upepo.

Wengi huandika hatua 20. Sahani ya 40 ukiitazama kwa macho ni safi. Mwambie mmoja apitishe kidole, akiinue, awaonyeshe wenzake: ncha ya kidole ni ya kijivu. Kipe kidole hicho muda, wakitazame wote, kisha waketi hapo hapo chini na uanze kusimulia.

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini, Visiwa vya Marshall, katika Bahari ya Pasifiki. Wataalamu walitarajia nguvu ya tani milioni 6 hivi za baruti ya TNT. Zikatoka milioni 15. Matumbawe yakasagika kuwa vumbi jeupe lenye mionzi, upepo ukalibeba hadi kisiwa cha Rongelap chenye watu, na hadi kwenye mashua ya Kijapani iitwayo Daigo Fukuryu Maru, iliyokuwa ikivua nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Wavuvi walikuwa 23. Fundi wao wa redio, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba mwaka huo huo. Kabla hajafariki, mwezi Aprili, Waziri Mkuu wa India Jawaharlal Nehru alikuwa ameshaomba mataifa yasimamishe majaribio. Mwambie mwanafunzi aliyeandika hatua 20 alinganishe alichoandika na kile walichopigia hesabu wataalamu wale.

Rudini darasani kwa ajili ya maziwa. Nusu ya wanafunzi wangu wametoka kwenye nyumba zenye ng'ombe, hivyo sehemu hii siharakishi. Koroga sukari kwenye glasi, kisha uliza: sukari iko wapi? Hawaioni, lakini imo. Miongoni mwa vitu vilivyoshuka na vumbi la mabomu kulikuwa na strontiamu-90, kitu chenye mionzi. Mwili huipokea kama kalisiamu, ile ya kujenga mifupa na meno. Inashuka na mvua, inakaa kwenye majani, ng'ombe anakula, mtoto anakunywa. Nusu yake huchukua miaka 29 hivi kuisha. Kule St. Louis, Marekani, kuanzia mwaka 1958 wazazi walikusanya meno ya utotoni yaliyong'oka, wakawapa watafiti, na watafiti wakaikuta strontiamu ndani, ikiongezeka kwa watoto waliozaliwa miaka ya majaribio mengi. Mwaka huo huo mkemia Linus Pauling aliwasilisha Umoja wa Mataifa ombi la kusitisha majaribio, likiwa na saini za wanasayansi zaidi ya 11,000.

Usiiache Afrika nje. Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Reggane, kwenye Sahara ya Algeria. Ghana ilizuia mali za Ufaransa, na Januari 1961 Nigeria ikavunja uhusiano wa kibalozi na Paris. Walijua upepo wa Sahara unakopeleka vumbi.

Hapo darasa litauliza: kwa nini basi hawakupiga marufuku majaribio yote? Swali hili linajibiwa kwa dawati. Mwanafunzi mmoja afumbe macho na kulaza sikio juu ya dawati. Mwingine agonge kwa kifundo cha kidole, au aangushe kitabu sakafuni. Lipi ni tetemeko, lipi ni bomu? Atakosea mara nyingi. Watoto wa Dodoma wanajua kitanda kinavyotikisika usiku, maana tumekaa kwenye Bonde la Ufa, kwa hiyo mfano huu wanaushika haraka. Mlipuko wa hewani ulionekana kutoka mbali. Wa chini ya ardhi ungeweza kusingiziwa tetemeko. Marekani ilitaka ukaguzi wa papo hapo mara saba kwa mwaka, Wasovieti wakakubali mara tatu tu, na hapo mazungumzo yakakwama. Baada ya hofu ya makombora ya Kuba, Oktoba 1962, walipokaribia vita vya nyuklia, walichukua kile walichoweza kukihakikisha: mkataba uliotiwa saini Moscow tarehe 5 Agosti 1963, wa kukataza majaribio hewani, anga za juu na chini ya maji. Chini ya ardhi wakapaacha. Tanganyika nayo ilitia saini mwaka huo. Ufaransa na China hazikusaini, zikaendelea kulipua hewani kwa miaka.

Mkataba wa 1974, wa kuweka kikomo cha tani 150,000 kwa mlipuko wa chini ya ardhi, utaje kwa sentensi moja. Mkataba wa Pelindaba wa 1996, unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, upe dakika mbili. Uwe tayari pia kwa swali la urani, kwa kuwa Bahi na Manyoni utafiti wake umefanyika na vijijini watu wanaongea. Jibu kwa utulivu: katika urani ya asili, aina inayotumika kwenye bomu haifiki hata asilimia moja, na kuitenganisha kunahitaji mitambo mikubwa.

Malizia na mkataba wa Septemba 1996, unaokataza milipuko yote, ya chini ya ardhi ikiwemo. Una mtandao wa vituo vya kusikiliza ardhi, bahari na hewa. Kimoja cha kunasa chembe za mionzi kipo Dar es Salaam, na kingine cha kusikiliza ardhi kipo Kilimambogo, Kenya. Majaribio yote sita ya Korea Kaskazini, 2006 hadi 2017, yalinaswa.

Mwaka jana binti mmoja aliuliza, "Madam, sasa huo mkataba umeanza kufanya kazi?" Bado. Lazima nchi 44 zilizotajwa ndani yake ziuridhie zote, yaani ziuthibitishe kisheria baada ya kusaini, na tisa zimebaki. Andika ubaoni: Marekani, China, Misri, Iran na Israel, zilizosaini bila kuridhia, India, Pakistan na Korea Kaskazini, ambazo hazijasaini, na Urusi, iliyofuta uridhiaji wake mwaka 2023. Majina hayo mimi siyafuti. Wanayakuta kipindi kinachofuata, kila kundi linachagua nchi moja, na tunaanzia hapo.