Namna ya Kulinda Kituo cha Kuchajia Bajaji na Magari ya Umeme Tanga
Anayefungua kituo cha kuchajia Ngamiani au Chumbageni hujali kwanza nyaya na mita, lakini chaja ya kisasa ni kompyuta iliyounganishwa na intaneti, na mlango wake unapaswa kufungwa kabla ya mteja wa kwanza kufika.

Anza na nywila. Fungua mipangilio ya chaja, ubadilishe nywila ya kiwandani, ambayo mara nyingi imechapishwa katika kijitabu cha maelekezo, kisha uzime huduma usizotumia. Chaja nyingi huwasiliana na seva, yaani kompyuta ya mbali inayoziongoza, kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) ya OCPP. Toleo la 1.6, lililotoka mwaka 2015, linaweza kutumika bila usimbaji, yaani bila kuficha ujumbe usisomwe na wengine, kwa hiyo mtake fundi awashe TLS, ambayo hufanya usimbaji huo, na akuonyeshe kwa macho yako kuwa anwani ya seva inaanza na wss, si ws. Hili usilipuuze kamwe, kwa kuwa anayenasa mawasiliano yaliyo wazi anaweza kujifanya chaja yako.

Kadi za wateja za kuanzishia chaja nazo zikaguliwe: inayotambuliwa kwa namba yake pekee hunakiliwa kwa urahisi, na deni humwangukia asiyehusika.

Hatari haiishii kwenye fedha. Gridi yetu huenda kwa hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde, na mvamizi akiwasha na kuzima chaja nyingi kwa pamoja, mzigo huyumba na hezi nazo huyumba. Basi zipangie chaja zako zichelewe kwa muda usiolingana kabla ya kuanza, hasa umeme unaporudi baada ya kukatika. Uingereza imelidai jambo hili katika kanuni zake za mwaka 2021.