Muhula wa Ng'ambo Uhesabiwe: Ya Kufanya Kabla Hujapanda Ndege

Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kenya kama Maseno, Egerton au Masinde Muliro akipata nafasi ya kusoma muhula mmoja Ulaya kupitia Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, watu humuuliza kwanza habari za pasipoti. Hiyo ina njia yake: unaiomba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unaenda kuchukuliwa alama za vidole Kisumu au Nakuru. Kazi kubwa ni masomo yako yahesabiwe ukirudi.

Anza idarani. Chukua mihtasari ya masomo utakayokosa, uiweke kando ya ile ya chuo cha wenyeji, yaani kile kitakachokupokea, uketi na mwenyekiti wa idara mlinganishe somo kwa somo. Majina yanaweza kufanana na yaliyomo yasifanane. Kule hutumia krediti za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kupima uzito wa masomo: muhula ni 30, mwaka 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote, pamoja na zile unazojisomea maktabani. Huku tumezoea kuhesabu saa za darasani. Mwandikie mwenyekiti hesabu hiyo kwenye karatasi, aione.

Mkikubaliana, jaza mkataba wa masomo. Unatakiwa uwe na saini tatu: yako, ya chuo chako na ya chuo cha wenyeji. Uonyeshe wazi somo lipi la kule linasimama badala ya lipi la hapa. Ahadi ya mdomo usiitegemee hata kidogo. Anayekuahidi leo huenda mwakani hayuko ofisini.

Mimi nilipofika kule, somo la takwimu liligongana na jingine kwenye ratiba. Nikahamia somo la karibu nalo, nikafaulu, lakini mabadiliko hayo sikuyaandika popote. Niliporudi, nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi asubuhi tatu, karatasi ya matokeo mkononi. Mwishowe nililirudia somo zima katika mwaka wa nne. Ukibadilisha somo, jaza sehemu ya mabadiliko ndani ya wiki tano tangu muhula uanze, na zile saini tatu zitiwe upya.

Anayekwenda kufanya kazi au kujitolea aulize idara mapema, kwa barua, kama muda huo utahesabiwa kuwa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini. Akiwa huko aweke daftari: tarehe, saa, kazi aliyofanya, saini ya msimamizi kila wiki. Barua ya mwisho itaje siku ya kuanza na ya kumaliza, jumla ya saa na majukumu. Barua inayosema tu kwamba ulikuwa na bidii haitakusaidia.

Matokeo yakitoka, chuo cha wenyeji kinatakiwa kutuma transkripti, hati rasmi ya alama zako, ndani ya wiki tano. Wewe pia omba yako. Ukiipeleka idarani pamoja na mkataba, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kisha fungua akaunti yako ya mwanafunzi, ukague somo moja moja. Ukiona pengo mahali pa alama, rudi na nakala hiyo wiki iyo hiyo, kabla orodha ya mahafali haijaanza kuandaliwa.