Jinsi ya Kuomba Mpaka wa Eneo la Kihistoria Upanuliwe: Mfano wa Thimlich Ohinga

Kuta za Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori nchini Kenya, ambazo yamkini zilijengwa katika karne ya 16 kwa mawe matupu bila udongo wala chokaa, zimo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2018. Anayetaka mpaka wa eneo la namna hii upanuliwe na aanzie shambani, kwa maana ombi lisiloonyesha kilichopo nje ya mpaka wa sasa halitasikilizwa.

Tembeeni na wenye mashamba ya jirani, kwa ridhaa yao, mkitafuta mistari ya mawe iliyojificha vichakani. Ukuta wa kale una nyuso mbili za mawe makubwa, ya nje na ya ndani, na katikati mawe madogo yaliyosindiliwa ili kuzishika. Rundo la mawe aliyoyatoa mkulima alipokuwa akilima halina mpangilio huo. Vigae vya vyungu na mabaki ya kufua chuma ni ushahidi pia. Msichimbe wala msiokote chochote, kwani uchimbaji huhitaji kibali: pigeni picha yenye rula kando ya kitu, na mwandike mahali kilipo kwa GPS.

Baada ya hapo, ulizieni katika ofisi ya usajili wa ardhi ni nani anayemiliki kila kipande. Hatua hii hupuuzwa, nayo ndiyo inayozaa kesi nyingi, hasa pale hatimiliki ingali kwa jina la babu aliyefariki na mirathi haijashughulikiwa mahakamani, hata ikawa hakuna mwenye mamlaka ya kukubali au kukataa. Itisheni baraza kupitia kwa chifu kabla ramani haijachorwa, si baadaye.

Ushahidi na ramani ya mpima ardhi hupelekwa kwa Makavazi ya Taifa ya Kenya. Chini ya sheria ya makavazi na urithi ya mwaka 2006, waziri, akishauriana na Makavazi, hutoa tangazo la kulilinda eneo katika Gazeti Rasmi la Serikali; wenye pingamizi wana miezi miwili ya kuliwasilisha, kisha waziri hulithibitisha tangazo au huliondoa. Tangazo peke yake halimnyang'anyi mtu shamba, ingawa hubana matumizi yake. Serikali ikitaka kulitwaa shamba lenyewe, shughuli hiyo hupitia Tume ya Taifa ya Ardhi, na Katiba, kifungu cha 40, hudai fidia ya haki ilipwe yote bila kuchelewa.

Mpaka uliosajiliwa UNESCO haubadiliki kwa tangazo la nchini. Badiliko dogo huombwa na serikali kabla ya tarehe 1 Februari, hutathminiwa na ICOMOS, baraza la kimataifa la wataalamu wa maeneo ya kihistoria, na kuamuliwa na Kamati ya Urithi wa Dunia. Badiliko kubwa huhesabiwa kama pendekezo jipya. Kwa kuwa Thimlich Ohinga ina takriban hekta 21 tu, na ukanda wa kinga, yaani ardhi inayolizunguka eneo ili kulikinga, wa hekta 33, hata nyongeza ya hekta chache haitaonekana ndogo. Kwa maoni yangu, ikiwa hofu yenu ni machimbo ya mawe au majengo ya jirani, ombeni kwanza ukanda wa kinga upanuliwe, kwa sababu humo kilimo chaweza kuendelea.

Tangazo likithibitishwa, vigingi vipya vipandwe mbele ya majirani na wazee wa kijiji, na nakala ya ramani iachwe kwa chifu.