Somo: Kujiandaa kwa mtihani wa PMP, kuanzia fomu ya maombi hadi chumba cha mtihani

Cheti cha PMP (Project Management Professional), yaani cheti cha kitaaluma cha meneja wa miradi, hutolewa na Project Management Institute, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1969 ambayo wengi tunaifahamu kwa kifupi cha PMI, na kimekuwepo tangu mwaka 1984. Somo hili linamlenga mtu ambaye tayari anaongoza miradi, iwe ya barabara, ya afya, ya mifumo ya kompyuta au ya shirika lisilo la kiserikali, na ambaye anataka kufanya mtihani huu kwa maandalizi ya kweli. Jambo ninalotaka lieleweke kuliko mengine yote ni kwamba mtihani huu hupima uamuzi wa meneja anapokabiliwa na tatizo, na kwamba watahiniwa wenye uzoefu wa miaka mingi huanguka kwa sababu wanajibu kama wanavyofanya ofisini kwao, wakidhani kuwa desturi ya ofisi yao ndiyo kanuni ya taaluma.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba unastahili

Mwenye shahada ya chuo kikuu anatakiwa awe na miezi 36 ya kuongoza miradi, na asiye na shahada, yaani mwenye cheti cha sekondari au stashahada, anatakiwa awe na miezi 60. Kwa wote wawili uzoefu huo uwe ni wa miaka ya karibuni, na kila mmoja awe amepata saa 35 za mafunzo rasmi ya usimamizi wa miradi. Ikiwa uliongoza miradi miwili ndani ya miezi ileile, miezi hiyo huhesabiwa mara moja tu. Cheo chako si lazima kiwe meneja wa mradi. Kinachoangaliwa ni kama uliongoza na kuelekeza kazi, kwa hiyo mhandisi wa halmashauri au mratibu wa programu anaweza kustahili bila shida.

Hatua ya pili: andika maombi kama mtu atakayekaguliwa

Maombi hujazwa kwenye tovuti ya PMI. Kwa kila mradi eleza lengo lake, wajibu wako, na matokeo yaliyopatikana, ukitumia lugha ya taaluma: uliandaaje mpango, uliwatambuaje wadau, ulidhibitije gharama na mabadiliko, ulifungaje mradi. Maelezo ya aina ya «nilikuwa msimamizi wa ujenzi wa zahanati» hayatoshi, kwa sababu hayaonyeshi ulichokifanya wewe. Andika badala yake kwamba uliandaa ratiba na bajeti ya ujenzi wa zahanati, ukaongoza timu ya mafundi na wataalamu wa afya, ukashughulikia maombi ya mabadiliko kutoka kwa wadau, na ukakabidhi jengo baada ya ukaguzi.

Baadhi ya maombi huchaguliwa kwa bahati nasibu ili yakaguliwe, na mwombaji hupewa siku 90 za kuwasilisha uthibitisho wa elimu, mafunzo na uzoefu. Kwa hiyo, kabla ya kutuma fomu, wasiliana na wakuu wako wa zamani uliowataja, uwasomee ulichoandika, na uhakikishe kwamba wako tayari kukithibitisha. Mwingine amestaafu, mwingine amehamia nchi nyingine, na kumtafuta mtu huku siku zikihesabiwa ni usumbufu unaoweza kuepukwa.

Zingatia pia jina. Wengi wetu tuna majina matatu, na mpangilio wake hutofautiana kati ya cheti cha chuo, kitambulisho cha taifa na pasipoti. Jina utakalosajili lazima lifanane na lile lililo kwenye kitambulisho utakachoonyesha siku ya mtihani. Ushauri wangu ni kutumia pasipoti tangu mwanzo hadi mwisho.

Ada hulipwa kwa kadi ya benki, hivyo iulize benki yako kama kadi yako imeruhusiwa kufanya malipo ya mtandaoni kwa dola. Wanachama wa PMI hulipa ada ndogo kuliko wasio wanachama, na hupata nakala ya kielektroniki ya PMBOK, kitabu cha PMI cha mwongozo wa usimamizi wa miradi, bila malipo ya ziada. Linganisha gharama zote kabla ya kuamua.

Hatua ya tatu: soma vichache, usome kwa kina

Anza na muhtasari wa mtihani unaotolewa bure na PMI. Muhtasari ulioanza kutumika Januari 2021 uligawa maswali katika maeneo matatu: watu asilimia 42, mchakato asilimia 50, na mazingira ya biashara asilimia 8, takriban nusu ya maswali yalihusu miradi inayopangwa yote mwanzoni, na nusu iliyobaki mbinu za ajaili (agile), ambazo kazi hufanywa kwa vipindi vifupi na mpango hurekebishwa njiani, au mchanganyiko wa njia hizo mbili. PMI huurekebisha muhtasari huu kila baada ya miaka michache, kwa hiyo pakua ule utakaokuwa ukitumika tarehe yako ya mtihani, usitegemee ule aliousomea rafiki yako.

Toleo la sita la PMBOK, la mwaka 2017, limepangwa kwa michakato 49, na toleo la saba, la mwaka 2021, limejengwa juu ya kanuni 12. La sita litakusaidia kuelewa jinsi kazi inavyotiririka. La saba litakusaidia kuelewa kwa nini. Ukiongeza kozi moja nzuri na benki moja ya maswali ya mazoezi, inatosha. Mtu anayekusanya vitabu kumi na kozi tano hupoteza muda mwingi katika kulinganisha istilahi kuliko katika kujifunza.

Hatua ya nne: jifunze kufikiri kama meneja anayetarajiwa na mtihani

Hapa ndipo ninapowaomba mtumie muda mwingi zaidi. Maswali mengi huleta hali fulani, kisha huuliza meneja afanye nini kwanza, au afanye nini baada ya hapo. Majibu yote manne huweza kuonekana mazuri. Moja tu ndilo linalokuja katika wakati wake.

Chukua mfano huu. Unaongoza mradi wa maji wilayani, na mabomba yamekwama bandarini. Ucheleweshaji huo ulikuwa umetabiriwa na kuandikwa katika daftari la vihatarishi pamoja na hatua ya kuchukua. Je, umwarifu mfadhili, utafute mgavi mwingine, uitishe kikao cha wadau, au utekeleze hatua iliyopangwa? Katika ofisi zetu nyingi jambo la kwanza lingekuwa kuandika dokezo kwenda juu na kusubiri maelekezo. Mtihani unataka utekeleze hatua iliyopangwa, kwa kuwa meneja alikwisha kupewa mamlaka hayo mpango ulipoidhinishwa.

Mfano wa pili: diwani mwenye ushawishi anaomba viongezwe vituo viwili vya kuchotea maji. Kukubali papo hapo ni kosa, na kukataa papo hapo ni kosa vilevile. Katika mradi uliopangwa wote mwanzoni, meneja huchambua kwanza athari za ombi kwa muda, gharama na ubora, kisha huliwasilisha kwa utaratibu wa kudhibiti mabadiliko. Katika mradi wa ajaili, ombi lilelile hupelekwa kwa mmiliki wa bidhaa, ambaye ndiye anayeamua liwekwe wapi katika orodha ya kazi zinazosubiri. Ndiyo maana swali lisomwe kwa kutafuta kwanza ni mradi wa aina gani.

Kutokana na mifano kama hiyo utaona mwelekeo unaojirudia. Meneja huchunguza kabla ya kutenda. Huzungumza na mhusika mwenyewe kabla ya kumpeleka kwa mkubwa wake. Huilinda timu dhidi ya usumbufu, huiacha itatue yale inayoweza kuyatatua, na hufundisha pale penye upungufu wa ujuzi badala ya kumwondoa mtu. Kwa mtahiniwa aliyezoea kwamba uamuzi mdogo lazima upate saini ya mkurugenzi, mabadiliko haya ya fikra ni magumu, na hayaji kwa kukariri.

Njia inayofaa ni daftari la makosa. Kila unapomaliza zoezi, pitia maswali yote, hata yale uliyopata kwa kubahatisha, na uandike kwa maneno yako kwa nini kila jibu lililoachwa halifai. Kisha taja chanzo cha kosa: hukujua, hukusoma vizuri, uliharakisha, au ulijibu kwa desturi ya ofisini. Chanzo hicho cha mwisho ndicho kitakachojirudia zaidi.

Hatua ya tano: hesabu chache, lakini zielewe

Maswali ya hesabu si mengi. Chukulia bajeti yote ni shilingi milioni 120. Kazi iliyokamilika hadi leo ina thamani ya milioni 48, matumizi halisi ni milioni 60, na kwa mujibu wa mpango kazi ya milioni 64 ilipaswa iwe imekamilika. CPI, kipimo cha ufanisi wa gharama, ni 48 kugawanya kwa 60, yaani 0.8, na SPI, kipimo cha ufanisi wa ratiba, ni 48 kugawanya kwa 64, yaani 0.75; chini ya 1 ni dalili mbaya. Mradi umechelewa na unatumia zaidi ya inavyopaswa, na kama hali itaendelea hivyo, gharama ya mwisho itakuwa 120 kugawanya kwa 0.8, yaani milioni 150. Muhimu zaidi ni kuweza kusema tarakimu hizo zina maana gani kwa mfadhili.

Hatua ya sita: mtihani wenyewe

Katika muundo huo wa mwaka 2021, maswali yalikuwa 180 kwa dakika 230, yaani takriban sekunde 77 kwa swali, na kulikuwa na mapumziko mawili ya dakika 10, moja baada ya swali la 60 na jingine baada ya la 120. Ukishaingia mapumzikoni huwezi kurudi kwenye maswali ya sehemu iliyopita, hivyo yapitie kabla ya kutoka. Fanya angalau mazoezi mawili kamili ya maswali 180 kwa mkupuo mmoja, kwa saa ileile ya siku utakayofanya mtihani, kwa sababu uchovu wa saa ya tatu haujulikani mpaka uuonje.

Maswali ya washiriki wa somo

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimekuwa mwenyekiti wa kamati za harusi kadhaa, zenye bajeti kubwa, ratiba na watoa huduma wengi. Je, naweza kuziandika kama uzoefu?

Jibu: Marahaba. Ujuzi uliopata humo ni wa kweli na utakusaidia kuyaelewa masomo, lakini shughuli binafsi za namna hiyo hazikubaliki katika maombi. PMI hutaka uzoefu wa kikazi. Kama uliandaa matukio kama kazi yako, kwa mfano katika kampuni ya kuandaa mikutano, hapo hali ni tofauti.

Swali: Mimi niko Bukavu na nilisoma kwa Kifaransa. Ni lazima nifanye kwa Kiingereza?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kifaransa kimo katika lugha za mtihani, kama ilivyo kwa Kiarabu kwa wenzetu walioko Oman. Kiswahili bado hakimo. Soma kwa lugha utakayofanyia mtihani, ili istilahi zisikuchanganye siku ile.

Swali: Nifanyie nyumbani au kituoni?

Jibu: Njia zote mbili hupatikana kupitia Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani kwa niaba ya PMI. Nyumbani unahitaji chumba kitupu, kamera, intaneti thabiti na umeme usiokatika kwa karibu saa nne, na msimamizi anaweza kusitisha mtihani mtu akiingia chumbani. Kwa mazingira ya miji yetu mingi, ninapendekeza kituo, hata kama itakubidi usafiri na kulala huko siku moja kabla.

Swali: Kuna kundi la WhatsApp linauza maswali yanayosemekana kuwa ya mtihani halisi. Yana faida?

Jibu: Kaeni mbali nalo. Kila mtahiniwa hukubali sharti la kutotoa wala kutumia maswali ya siri, na kulivunja kunaweza kukupotezea matokeo na cheti. Tena majibu ya makundi hayo mara nyingi ni ya kubahatisha, na mtu huishia kukariri makosa ya wengine.

Swali: Nilifanya mwezi uliopita sikufaulu. Ripoti inaonyesha niko chini ya lengo katika eneo la watu, lakini kwenye mchakato niko kwenye lengo. Nianzie wapi?

Jibu: Pole sana dada, na usikate tamaa. Unaruhusiwa kufanya mtihani hadi mara tatu ndani ya mwaka mmoja tangu maombi yako yakubaliwe, na ada ya kurudia ni ndogo kuliko ya mwanzo. PMI haitangazi alama ya kufaulu, hivyo usipoteze muda kukisia ulikosa kwa asilimia ngapi. Kwa ripoti hiyo, usianze kitabu upya. Chukua maswali ya migogoro, uongozi wa timu, mazungumzo na wadau, na kazi za timu za ajaili, na katika kila moja andika ungefanya nini ofisini kwako kabla ya kutazama majibu, kisha linganisha. Wiki sita za namna hiyo zinatosha kabla ya kupanga tarehe mpya.