Fasti yia wa uinjinia, soma hivi kuanzia wiki ya kwanza

Kwanza hongera mdogo wangu kwa kupata nafasi, najua umetoka PCM (fizikia, kemia na hesabu) ukiwa mkali wa hesabu na mtaani washaanza kukuita injinia, sasa ngoja nikuelekeze namna ya kuisoma hii kitu kabla semista haijakolea, maana wengi wanaopata sapu (kurudia mtihani waliofeli) mwaka wa kwanza sio kwamba hawana akili, hapana, wanasoma kwa macho. Wanafungua madesa (noti na maswali yaliyokwisha kujibiwa) usiku, wanaangalia swali na jibu lake, wanaona "aah hii naelewa", wanafunga wanalala. Kwenye pepa swali linakuja limegeuzwa kidogo tu, mkono unaganda.

Uinjinia unasomwa kwa peni na karatasi. Hilo ndo kubwa ninalotaka ulishike.

Iwe umeingia sivil, mekaniko, umeme au kemiko, mwaka wa kwanza masomo yanafanana sana: hesabu, mekanika (somo la nguvu na mwendo), michoro, materio (vifaa kama chuma na zege), umeme wa mwanzo, programing kidogo na lile somo la mawasiliano ambalo watu wanalidharau halafu mwaka wa nne wanashindwa kuandika ripoti ya projekti. Watu wanalalamika mbona mtu wa umeme anasomeshwa nguvu za mihimili, mbona wa sivil anasoma saketi. Angalia tenki la maji la lita 1,000 hapo nyumbani kwenu, lililokaa juu ya mnara wa nguzo nne, mita 6 kwenda juu. Tulifanyie kazi hilo hilo, uone fani zote zinavyokutana hapo.

Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, yaani tani moja, na hapo hujahesabu plastiki. Zidisha kwa 9.81 unapata niutoni 9,810. Kama tenki limekaa katikati na mnara umenyooka kila nguzo inabeba kama niutoni 2,450. Sasa jiulize, nguzo moja ikititia kwenye udongo wa mfinyanzi mvua za masika zikinyesha, mzigo unahamia wapi? Hapo upo ndani ya sivil tayari. Halafu njoo kwenye presha ya maji: densiti 1,000 zidisha 9.81 zidisha kimo mita 6, unapata paskali 58,860 kwenye bomba la chini kabisa hata tenki likiwa linakaribia kuisha, na ukiweka bomba jingine mita 3 juu presha inabaki nusu, ndo maana wanaokaa ghorofani wanalalamika maji hayana nguvu. Upana wa tenki hauhusiki kabisa na hiyo presha, ni kimo tu, na hili huwa linatoka sana kwenye testi.

Haya, maji yanapandaje? Pampu. Kupandisha hizo lita 1,000 mita 6 unahitaji jouli 58,860 (namba ile ile, kwa sababu ujazo ni mita moja ya ujazo, jithibitishie mwenyewe kwenye karatasi). Ukitaka tenki lijae kwa dakika 10 gawa kwa sekunde 600, unapata kama wati 98. Ila dukani watakuuzia pampu ya nusu hosipawa ambayo ni kama wati 373, sasa zile zingine zinaenda wapi? Zinaliwa na msuguano kwenye paipu, kona za elbo, upotevu ndani ya pampu yenyewe, halafu maji yanaingilia juu ya tenki sio chini, na kisima nacho kina kina chake. Hiyo ndo mekaniko na umeme kwa pamoja. Na ukiligeuza hilo swali, maji yashuke badala ya kupanda, umefika Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Kanuni ni ile ile, kimo na kiasi cha maji kinachopita kila sekunde.

Sasa namna ya kushika swali lolote la mekanika. Chora kwanza, hata kama hujaambiwa uchore. Toa kitu chako pembeni peke yake, weka mishale ya nguvu zote zinazokigusa, uzito usiusahau, ndo hiyo wanaita fribodi dayagramu. Andika ulichopewa na yuniti zake, andika kanuni unayotumia, ndo ushike kalkuleta, na uangalie iko kwenye digrii au radiani. Ukipata jibu liulize kama lina akili, ukipata nguzo ya mnara wa maji yenye unene wa milimita 2 ujue kuna sehemu umeteleza, rudi juu.

Yuniti zinaua watu wengi sana. Nenda hadweya yoyote usikilize, nondo wanauza kwa milimita, mbao na tofali kwa inchi, bati kwa geji, na bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, namba inapanda unene unashuka. Mteja akishauriwa achukue nondo ya 10 badala ya 12 anaona tofauti ni ndogo, kumbe eneo la chuma linaenda kwa skwea ya kipenyo kwa hiyo ile ya 12 ina chuma asilimia 44 zaidi. Zoea kubadilisha kila kitu kiwe mita, kilo na sekunde kabla hujaanza.

Madesa tumia, ila baada ya kujaribu mwenyewe kwanza, hata dakika 20 za kuhangaika. Tyutorio usikose, na diskasheni iwe na watu wanne watano, kila mtu asimame ubaoni aeleze, sio mmoja anafundisha wengine wanapiga picha kwa simu. Koziweki (alama za testi na kazi za semista) ivune mapema, testi ya kwanza huwa rahisi kuliko zinazofuata.

Kwenye michoro usikimbilie AutoCAD, mkono ujue kwanza kuona kitu kwa mbele, juu na pembeni, penseli 2H ya mistari myepesi na HB ya kukoleza. Wekshopu vaa buti na ovaroli, pete na saa vua kabla hujasogelea mashine ya kukereza, nywele ndefu funga, na fundi wa pale mheshimu muulize maswali, anajua vitu ambavyo lekchara hana muda wa kukwambia.

PT (mafunzo ya vitendo kazini) ukifika omba nafasi mapema, barua zipeleke mwenyewe kwa mkono inapowezekana, na logibuku ijaze jioni ile ile na michoro yake. Ukimaliza digrii utajisajili ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) kama injinia mhitimu halafu kuna programu yao ya SEAP ya miaka mitatu chini ya injinia mzoefu, na kule pia kila siku unaandika ulichofanya, kwa hiyo huo mkono wa kuandika uanze nao kwenye ripoti ya labu ya wiki hii.